Mbuzi wa Komisheri

Nguruwe hana kosa. Hilo nalisema kwanza, msije mkasema Kalaba anachukia wanyama. Ukimpa muhogo anakula muhogo, ukimpa uchafu anakula uchafu, na ukimfungulia kaburi la mtu atalifukua kwa pua yake akitafuta mizizi, kisha atalala palepale. Mnyama ni mnyama. Miye kinyaa changu ni cha mtu aliyewafungulia mlango, na cha wale waliokuja kumchunguza.

Mtu huyo aliitwa Ngosa. Siku zile nchi ilikuwa Zaire, Katanga yetu iliitwa Shaba, chama kilikuwa kimoja, na watu wa bunge waliitwa commissaires du peuple, makomisheri wa raia. Ngosa alikuwa komisheri wetu sisi, watu wa Lubumbashi. Tulimchezea ngoma wenyewe, tumevaa kitenge cha Chama, jua likituchoma utosi. Miguu yangu hii ilimchezea mpaka ikavimba. Nikikumbuka, natamani kuiosha tena.

Bwana yangu alikuwa Kapya. Miye nilimwita Jeannot mpaka anakufa, hata walipokataza majina ya Kizungu, maana mtu niliyeolewa naye kanisani alikuwa Jeannot na sikuolewa na mwingine. Alifanya kazi ya shaba, kwenye tanuru, mpaka mapafu yakakwisha. Alipotoka kazini, chifu wa udongo akatupa shamba kule Annexe, nje ya mji, upande wa kijito. Nyumba yetu ilibaki mtaani Kamalondo, lakini moyo wa Jeannot ulihamia shambani. Kulikuwa na kichuguu kikubwa pale pembeni, kirefu kuliko nyumba, na alipenda kukaa juu yake jioni. Aliniambia, "Kalaba, nikikufa unizike hapa. Mu tanuru nilikosa hewa. Hapa iko hewa." Nikamzika pale, chini ya kile kichuguu, na kila Jumapili nilikwenda kung'oa majani na kumpasha habari za watoto.

Halafu Ngosa akataka ferme, shamba kubwa la mifugo. Bakubwa wote siku zile walitaka ferme, ilikuwa kama ugonjwa wa kuambukiza. Alikuja na magari na ma-gendarme, askari wa serikali, akapima, akazungusha senyenge kwenye shamba langu na la majirani, akaweka kibao kwamba hii ni ferme ya mfano ya kulisha raia. Raia gani, sijui. Akaleta nguruwe weupe, wanene, kutoka huko walikotoka. Jumapili nilipofika na jembe langu, mlinzi akanizuia mlangoni. Nikazunguka nyuma, nikaangalia kupitia senyenge. Msalaba wa Jeannot ulikuwa umeanguka, wameutia chini ya chombo cha kulishia ili kisiyumbe. Udongo wa kaburi ulikuwa umechimbuliwa, umelowa mikojo, na nguruwe jike alikuwa amelala pale na watoto wake wananyonya.

Nilitapika. Sisemi kwa mfano, nilitapika kweli, nikishikilia senyenge, na mlinzi alikuwa anacheka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu wengi walisema Kalaba alitaka makubwa. Sikutaka makubwa. Shamba, haya, mkubwa akitaka shamba anakula shamba, hilo tulishalizoea kama mvua. Miye nilitaka kaburi. Nilitaka senyenge irudi nyuma ya kichuguu na nguruwe watoke juu ya bwana yangu. Kipande hicho hata ng'ombe mmoja asingeshiba kwacho.

Nilikwenda kwa Ngosa mwenyewe, sikupokelewa. Nilikwenda kwenye ofisi ya Chama, wakanipeleka mjini, mjini wakanirudisha kwenye ofisi ya Chama. Halafu siku moja mkubwa mmoja kutoka Kinshasa akaja kuhutubia. Sisi mamama wa Kamalondo tukapangwa mbele kucheza, kama kawaida. Mkubwa akahubiri habari ya nidhamu, kwamba kiongozi akikosa raia asiogope kusema, kwamba hakuna aliye juu ya Chama. Mwishoni akauliza, "Nani iko na neno?" Ile ilikuwa kuuliza kwa kuuliza tu, hakuna aliyetegemewa kujibu. Miye nikajibu. Nikasimama na kitenge changu cha Chama, nikasema yote, jina la Ngosa, shamba, kaburi, nguruwe jike na watoto wake.

Mkubwa alikuwa ameshasema maneno yake mbele ya watu wote, hakuwa na pa kupitia. Akatamka kwa Kifaransa kwamba itakuja komisheni kutoka Kinshasa kufanya enquête impartiale. Mkalimani wa Chama, kijana wa Kamalondo aliyeitwa Kasonde, akatugeuzia, "Uchunguzi usio na upande." Watu wakapiga makofi. Na miye nikapiga. Mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, wanasema, lakini miye siku ile nilikuwa bado sijaerevuka.

Komisheni ikaja kweli. Siku ya pili yake nilikuwa napita mbele ya duka la Kasimu fundi cherehani, jirani yangu. Watu wa Kasimu ni Waislamu wa Maniema, babu zake walitoka pwani na biashara wakabaki huku, na yeye ni mtu wa maneno machache. Lakini siku ile aliniita.

"Mama Kalaba, ingia kwanza. Usisimame mu barabara."

Nikaingia. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa kizuri, rangi ya majivu, kile cha abacost, zile koti za bakubwa zisizo na tai. Zilikuwa nne, zimekatwa tayari.

"Za nani?" nikauliza.

"Za komisheni yako. Dereva wa Ngosa alibaleta hapa benyewe, nikabapima. Ngosa njo mwenye kitambaa." Akashusha sauti. "Banalala kwa Ngosa, banakula kwa Ngosa, na sasa banavaa Ngosa."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamuuliza kama watu wa namna hiyo wanaweza kusikiliza kesi. Kasimu akapuliza chaki kwenye kidole chake.

"Kwetu, kadhi akikunywa hata maji ku nyumba ya mwenye kesi, ile kesi inapashwa kupelekwa kwa mwingine. Hata kama yeye ni mutu wa haki. Juu ya nini? Tumbo haina haki."

"Na weye unabashonea."

"Nikikatala, kesho hii mashine itakuwa ya nani?"

Nilimwangalia vibaya, na nilikosea, maana alikuwa mtu pekee aliyeniambia ukweli. Akakanyaga mashine, ikalia. Akaniambia bila kuinua macho kwamba niende na mtu wangu, na kwamba nisijibu neno ambalo sikuulizwa na komisheni. Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Nikaenda na Nkandu, dada yangu mkubwa, mwanamke wa mapaja makubwa na mdomo mkubwa zaidi, ambaye haogopi mtu. Walitusikiliza kwenye salle, ukumbi wa Chama. Wanaume wanne wamekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, abacost zote nne rangi moja ya majivu, kama watoto wa kwaya. Mwandishi akaniuliza jina.

"Marie-Thérèse Kalaba."

"Marie-Thérèse hayuko tena, citoyenne. Yale majina yalikwisha."

"Kumbe alikufa. Hata matanga yake hamukuniambia."

Nkandu akacheka puani. Mwandishi akaandika Kalaba peke yake.

Président wa komisheni alikuwa mtu mnene, laini, mwenye pete mbili, anasema Kifaransa na Lingala tu. Kasonde alisimama kati yetu kugeuza maneno. Président akaanza kwa kutuhakikishia kwamba wao hawamjui mtu hapa, hawana ndugu hapa, wametoka mbali ili wasiwe na upande. Kasonde akageuza vizuri. Wakasema tumsubiri citoyen komisheri, maana siku zile kila mtu aliitwa citoyen, raia. Tukamsubiri. Mshitakiwa anasubiriwa na mahakimu wamekaa, mliona wapi?

Ngosa akaingia. Wote wanne wakasimama. Wakasimama, jamani, kwa mtu waliyekuja kumchunguza, na Président akafunga kifungo cha koti. Ngosa hakuelekea kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja kwangu, mikono wazi, anatabasamu meno yote nje.

"Ee, mbuzi yangu. Weye uko unatembea tu, na miye niko na njaa."

Hapa inabidi niwaeleze, ninyi msio wa kwetu. Sisi tuna kitu kinaitwa bunungwe. Kasimu anasema kwao ni utani. Kila ukoo una ukoo wa utani wake. Miye na Nkandu ni Bena Mbushi, watu wa mbuzi. Ngosa kwa upande wa mama yake ni Mwina Ngo, mtu wa chui. Chui anakula mbuzi, njo mchezo ulivyo, na mbuzi naye anamtukana chui mpaka basi. Mkikutana mnatukanana, hata kama hamjawahi kuonana. Munungwe, mtani wako, anaweza kukunyang'anya kofia kichwani au kuku uani, na ukikasirika, wewe njo mwenye kosa, unatozwa faini na unachekwa. Chui akifa, sisi mbuzi tunaosha maiti na kuchimba shimo, tukimtukana marehemu. Ni jambo zuri, nawaambia. Limezima ugomvi mwingi kwetu.

Na tunafundishwa tangu tukiwa wadogo. Munungwe akikurushia neno, unarudisha kabla hujavuta pumzi. Bibi yangu alikuwa akitupiga kofi tukichelewa kujibu, anasema mbuzi asiye na mdomo anafaa mchuzi tu. Basi Ngosa aliponitupia lile neno, mbele ya komisheni, mdomo wangu ulinitangulia.

"Chui ya meno kuoza," nikamwambia, "utanitafuna na nini?"

Salle nzima ikacheka. Nkandu akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu, maana neno lilikuwa zuri na lilitoka kwa wakati. Kisha nikaona macho ya Ngosa. Macho hayakuwa yanacheka. Yalikuwa yanamwangalia mwandishi.

"Umeandika hiyo?" Ngosa akamuuliza.

Akageukia meza, akaanza Kifaransa chake cha bungeni. Kasonde akatugeuzia kwa sauti ya chini. "Anasema, citoyen président, mumesikia na masikio yenu. Huyu mama ni munungwe yake. Kwa bankambo yetu, mababu, munungwe anaingia kwa munungwe na anakamata kintu, na mwenye kukasirika njo mwenye kosa. Anasema hakukamata shamba ya raia, alikamata majani ya mbuzi yake. Anasema hii njo authenticité."

Neno hilo, authenticité, yaani kurudi kwenye asili yetu, siku zile lilikuwa kama wimbo wa taifa, ukilitamka kila mtu ananyoosha mgongo. Wote wanne wakanyoosha. Président akatabasamu kama mtoto aliyepewa pipi, akaandika kitu, akamuuliza Ngosa maswali mengi kuhusu chui na mbuzi, nani anakula nani, na Ngosa anajibu, wanacheka. Kwa muda mrefu kabisa hakuna aliyeniangalia.

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Munungwe anakamata kuku," nikasema. "Anakamata kofia. Hakamati kaburi. Bwana yangu hakukuwa Mwina Mbushi, na hata kama angekuwa, mutu iko chini ya udongo hana bunungwe na nguruwe."

Kasonde akageuza. Nilisikia poule, kuku, nilisikia chapeau, kofia, halafu wakacheka tena.

"Kasonde, umesema kaburi?"

"Nilisema, mama."

"Hukusema. Kaburi ni tombe. Tulizika wanaume wa tanuru wa kutosha, mapadri wakisoma Kifaransa, miye naijua hiyo neno. Sema tombe."

Kasonde akamtazama Ngosa. Alikuwa na mke mchanga na nyumba ya Chama, nilimjua mama yake. Kabla hajafungua mdomo, Président akaangalia saa, akasema jambo, akasimama.

"Anasema tutaendelea kisha kula," Kasonde akanong'ona.

Chakula kililetwa na gari la Ngosa. Sufuria kubwa, wasichana wawili wa kupakua, chupa za bia zimefunikwa na vitambaa. Miye na Nkandu tukaambiwa tusubiri barazani, karibu na dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Harufu ikaja, ya nyama ya kukaanga na kitunguu, na nitawaambia ukweli wenye aibu, mate yalinijaa mdomoni, maana tangu asubuhi sikuwa nimekula. Kisha nikaelewa ile ni nyama gani.

Nkandu akanishika mkono. Nguruwe waliokula muhogo wa Jeannot, waliofukua Jeannot kwa pua zao, waliolala juu yake wakanenepa, sasa walikuwa kwenye meno ya komisheni. Niliwasikia wakitafuna. Nilimsikia Président akivunja ngozi iliyokauka na kunyonya vidole, kidole kwa kidole, na Ngosa akimwambia aongeze, kiko kingine. Wao hawakuwa na upande, kweli kabisa. Walikuwa na tumbo tu. Mate yangu nikayatema barazani pa Chama, na nilitema kwa kusudi.

Tuliporudishwa ndani, midomo ya Président ilikuwa inang'aa, na tone la mafuta lilikuwa limedondoka kwenye koti jipya la Kasimu. Sikuweza kuliondolea macho. Nikauliza swali moja tu, kama komisheni ilikuwa imefika shambani. Kasonde akageuza. Président akajibu kwa furaha.

"Anasema ndiyo, jana. Ferme ni nzuri."

"Muulize kama aliona kichuguu."

Akauliza. Président akaonyesha kwa mikono mlima, akasema maneno mengi.

"Kasonde, geuza."

"Anasema aliiona. Anasema nguruwe inapenda sana pale."

Basi uamuzi ukasomwa palepale, na nina hakika uliandikwa kabla ya bia. Komisheni imechunguza bila upande wowote. Komisheni haikuona kosa la nidhamu. Ni mambo ya mila kati ya banungwe, na ushahidi ni kwamba mlalamikaji mwenyewe, mbele ya komisheni, alimjibu komisheri kwa utani na kwa furaha. Komisheni inampongeza komisheri kwa kulinda mila ya mababu. Wakanitaka niweke kidole gumba kwenye wino. Nikawaambia kidole changu kinauma. Wakasema haidhuru.

Kwenye mlango Ngosa akaniinamia sikioni. Alinuka kitunguu. "Mbuzi yangu, usikasirike. Mwenye kukasirika analipa."

Njiani Nkandu alisema mpaka tukafika Kamalondo. Alimtukana Ngosa, akamtukana Président, akamtukana Kasonde, akanitukana miye na mdomo wangu, akajitukana yeye kwa kucheka. Kisha akasimama katikati ya barabara.

"Alisema mbele ya serikali kama shiye ni banungwe. Waliandika. Basi tutakuwa banungwe. Tungojee chui mumoja akufe."

Nilimwelewa. Kwenye matanga ya chui, mbuzi njo mwenye nyumba. Tunaweza kukaa juu ya sanduku la maiti na kusema halitoki mpaka tumepewa tunachotaka, na wafiwa lazima watoe. Hata chifu hawezi kutufukuza. Mtu anayemfukuza munungwe wake kwenye matanga, jina lake linanuka vizazi viwili. Ngosa alinifunga kwa mila, nami kwa mila nilitaka nimfunge, mbele ya watu wote, kwa lugha yetu wenyewe, bila mkalimani.

Mjomba wake, mzee Chomba, alikufa mwanzoni mwa mvua. Alikuwa Mwina Ngo mkubwa wa Kamalondo, na mzee mwema, sina neno naye. Barabara ilijaa magari. Bakubwa wote walikuwepo, wa Chama, wa kampuni, majirani mpaka kwenye kuta. Hata Kasimu alisimama mlangoni mwa duka lake, kofia mkononi. Tuliingia sisi mamama wa mbuzi tukiwa tumejipaka majivu usoni, tukilia mee, tukimwambia mzee Chomba kwamba mwishowe amekufa, sasa tutalala usingizi. Watu wakacheka katikati ya kilio, kama inavyotakiwa. Walipotaka kubeba sanduku, nikaenda nikakaa juu yake.

"Haitoki," nikasema.

Ngosa akaja, amevaa nyeusi. "Mbuzi yangu, unataka nini?"

Nikamwambia. Sikupiga kelele, lakini nilisema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. Nikasema, weye ni mwizi. Ulikamata shamba yangu na shamba ya majirani. Ulilaza nguruwe juu ya bwana yangu Jeannot, ukatia msalaba yake chini ya chakula yao. Komisheni ilikuja, ukaivalisha, ukailaza, ukailisha ile nguruwe, na mafuta ikawatoka mu midomo wakisema hawana upande. Nataka kaburi ya bwana yangu. Utoe neno hapa, mbele ya hawa bantu wote, njo mujomba yako atazikwa.

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli nyingi namna ile kwa mara moja.

Na watu walicheka. Walianza wa Chama, wakafuata wa kampuni, kisha uwanja mzima. Wanawake walishikana mabega. Mzee mmoja aliketi chini. Ngosa alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akapiga mapaja yake, akaomba kitenge, akakitupa miguuni pangu.

"Sitaki kitenge," nikasema. "Nataka kaburi."

Wakacheka zaidi, maana munungwe mzuri hakubali zawadi ya kwanza, kila mtu anajua. Akaongeza kitenge cha pili. Nikakitupa kwenye matope. Wakapiga makofi.

"Siyo masihara," nikasema. "Hii siyo bunungwe. Nasema kweli."

Hiyo nayo munungwe mzuri husema. Nilikuwa kwenye kisima, na kila kamba niliyoshika ilikuwa imefungwa kwenye ule mchezo. Nikaanza kulia. Sikutaka, yalitoka yenyewe, na majivu yakaniingia machoni. "Munasikia, analia kama mbuzi ya kweli," mtu akapiga kelele nyuma, na kicheko kikaanza upya. Nkandu peke yake alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ananiangalia, mkono mdomoni.

Wanaume wa Ngosa wakaninyanyua kwa makwapa, kwa heshima, wakicheza, kama ilivyo desturi, wakanizungusha mara moja mbele ya watu, wakaniweka pembeni. Sanduku likatoka. Ngosa alipopita alimwambia Kasonde, "Huyu mama iko muzuri sana. Ku matanga yetu yote bamuite."

Nguruwe wapo bado. Wameongezwa. Na miye kila nikipita Kamalondo, kwenda sokoni au kurudi, watu wanaonipenda, majirani zangu, watu wazuri kabisa, wanatoka milangoni wakitabasamu.

"Mama Kalaba," wananiambia, "tuchekeshe kidogo. Sema tena ile ya kaburi."